Mabaki ya msikiti unaobomolewa ni amana ya nani?

Ijumaa ya Desemba 25, 2020, upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, jumba linalotazama bahari pale Forodhani, Unguja, uliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Kazi ya ukarabati ilikuwa ikiendelea. Watu wawili walifariki dunia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kilichobaki mbele ya jumba kilikuwa mlima wa kifusi: mawe ya matumbawe, chokaa, mbao, na nguzo za chuma zilizokuwa zimebeba roshani kwa zaidi ya miaka 130.

Kwa macho ya mwenye haraka, kifusi ni kifusi. Huchotwa kwa koleo, hupakiwa kwenye lori, hufukia shimo la barabara. Lakini anayeijua historia ya jumba lile anafahamu kwamba hata mnara ulioanguka ulikuwa umezaliwa na maangamizi mengine. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said. Watu waliiita nyumba ya maajabu kwa sababu ya taa za umeme na lifti, mambo ambayo Unguja haikuwa imeyaona. Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga eneo la jumba la kifalme kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, ambayo yalikuwa makazi ya wanawake wa jumba hilo, iliharibiwa kiasi cha kutojengwa tena. Mnara wa taa uliosimama mbele ya majumba hayo nao uliharibika. Katika matengenezo yaliyofuata, mwaka 1897, ndipo Beit al-Ajaib ilipopewa mnara wa saa kwenye uso wake.

Kwa hiyo aliyeutazama mnara ule alikuwa akitazama kovu. Na anayetaka kuijua Beit al-Hukm leo hana ukuta wa kuushika. Anategemea picha za kale na maandishi, kwani mahali pake pana bustani. Majumba hayo mawili yalisimama ubavu kwa ubavu na yalipigwa asubuhi ile ile. Moja lilibaki na kuendelea kusimulia, na la pili likanyamaza.

Msomaji anaweza kuuliza: mtu wa Iyula, katikati ya mashamba ya kahawa ya Mbozi, ana nini na jumba la masultani wa Unguja? Jibu ni kwamba sisi nasi tunabomoa.

Msikiti wetu wa zamani hauna nguzo ya chuma wala mlango wenye maandishi ya dhahabu. Ni nyumba ya matofali ya udongo, iliyopigwa lipu ya udongo na kupakwa chokaa, yenye paa la bati lililoshika kutu, na mihrabu iliyofinyangwa ukutani kwa mkono. Waliojenga walikuwa wakitoka shambani jioni, wakiweka chini vikapu vya kahawa na kushika majembe ya kukandia udongo. Akina mama walisomba maji. Sasa ukuta wa kibla una ufa unaoingiza kiganja, na kila masika yanapoanza, imamu huwasogeza maamuma upande wa kushoto. Msingi wa msikiti mpya wa matofali ya saruji umekwishachimbwa. Hakuna hata mmoja katika kamati anayepinga kuubomoa ule wa zamani. Kusali chini ya ukuta ambao waweza kuwaangukia watoto si uchamungu.

Tulipotofautiana ni katika swali la mabaki. Wapo waliotaka mbao na bati vinadiwe ili fedha ziongeze mifuko ya saruji, na hoja yao si ya kudharauliwa, kwa kuwa saruji ni ghali na wafadhili si wengi. Wapo waliosema vitakavyovunjika vichomwe, viishe. Mzee mmoja, aliyebaki peke yake kati ya waliokanda udongo ule, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Katibu, mwanangu, hiyo mimbari mtaipeleka wapi?" Kikao kilinyamaza.

Mimbari yenyewe ina ngazi tatu. Imetengenezwa kwa mbao za mninga, na ngazi ya pili imelika katikati kwa nyayo za makhatibu. Fundi wake alifariki zamani. Wengine husema alitoka Mbeya, wengine husema alikuwa mpita njia aliyekuwa akielekea mpakani Tunduma, akalala hapa siku kadhaa na kulipia chakula chake kwa kazi ya mikono. Mzee yule ndiye mtu wa mwisho mwenye uhakika. Akiondoka na jambo hilo kifuani, mimbari itabaki kuwa mbao tu.

Kabla ya hisia, tuanze na hukumu, maana msikiti si mali ya kamati. Msikiti ni wakfu. Wanazuoni wa fiqhi wameyazungumza mabaki ya msikiti uliobomoka kwa jina la anqadh. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu katika nchi hii tunayafuata, msikiti hata ukianguka haurudi kuwa miliki ya mtu wala hauuzwi; mabaki yake hulindwa, na yakihofiwa kupotea hupelekwa kujengea msikiti mwingine, na ulio karibu ndio wenye haki zaidi. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali walipanua mlango zaidi, wakaruhusu kuuza kisichofaa tena ili thamani yake iende kwenye msikiti mwingine. Sisi si mamufti, na suala letu limepelekwa kwa masheikh wenye elimu. Lakini katika kauli zote mbili hakuna anayesema mabaki ya nyumba ya Mwenyezi Mungu ni takataka ya kuokotwa na yeyote apitaye. Kwa hiyo bati zetu nzima zitaezeka banda la kutawadhia la msikiti mpya, na kenchi zilizo imara zitafanya kazi humo humo. Kinachofaa kwa matumizi kitumike kwanza.

Suala gumu ni la vile visivyofaa tena kwa matumizi. Mlango uliopinda haufungi msikiti mpya. Mimbari ya ngazi tatu zilizolegea haimbebi khatibu. Hivi ndivyo ninavyoshauri vihifadhiwe, viwekwe mahali maalumu, viandikwe na kuonyeshwa, kama makumbusho yanavyofanya.

Kijana mmoja, aliyepita chuo kama nilivyopita mimi, alinikabili kwa ukali kidogo. Alisema tukiweka vipande vya mbao kwenye kabati la kioo, wajukuu wetu watavibusu. Hofu hiyo ina mizizi katika dini na haifai kuchekwa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, aliamuru ukatwe mti ambao watu walikuwa wakiuendea kwa kudhani ni ule wa Baiat al-Ridhwan. Na ni yeye huyo huyo aliyelibusu Jiwe Jeusi huku akitamka wazi kwamba ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba anafuata tu aliyoyaona kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Matendo hayo mawili ya mtu mmoja yanatufundisha kutofautisha kutukuza na kukumbuka. Qur'ani Tukufu yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 248, inataja sanduku lililobeba masalio ya waliyoyaacha watu wa nyumba ya Musa na Harun. Hiyo ilikuwa ishara kutoka kwa Mola, na sisi hatuna madai ya namna hiyo juu ya mbao za mninga. Lakini pia inatuonyesha kwamba kubeba masalio ya waliotangulia hakukuanza na Wazungu, kama kijana wetu alivyodhani.

Kinga yake ni rahisi. Mabaki yasiwekwe upande wa kibla, yasiwekwe ndani ya eneo la swala, na maelezo yake yawe ya fundi, mwaka na kazi, si ya baraka na miujiza. Watu hubusu kitu kilichofunikwa kwa siri. Kilichoandikwa namba na jina la seremala ni vigumu kukiabudu.

Waliojaaliwa kwenda Hija au Umra na kupata nafasi ya kutembelea Maonyesho ya Usanifu wa Misikiti Miwili Mitukufu, kule Umm al-Jud, Makka, wameliona jambo hili kwa macho yao. Jengo hilo limejaa vitu vilivyotolewa katika Misikiti ile miwili wakati wa ukarabati na upanuzi. Ipo nguzo ya mbao ya Al-Kaaba inayonasibishwa na ujenzi wa Abdullah bin Zubayr, mwaka 65 Hijria. Ipo ngazi ya kale ya mbao iliyotumika kuingilia ndani ya Al-Kaaba. Upo mzingo wa kisima cha Zamzam, ambao mahujaji wa zamani waliuegemea wakivuta maji kwa ndoo, jambo ambalo kijana wa leo anayekinga Zamzam kwenye bomba hawezi kulifikiria. Hakuna anayetufu kuizunguka nguzo ile. Watu husimama, husoma maelezo, huendelea mbele. Kama mji wa Makka umeona haja ya kuhifadhi mbao za nyumba tukufu kuliko zote, Iyula haiwezi kusema jambo hili ni geni kwa Uislamu.

Mfano wa pili unauma zaidi, na una faida kubwa. Mwaka 564 Hijria, yaani kati ya 1168 na 1169 kwa miaka ya Miladi, Nur al-Din Zangi aliamuru itengenezwe mimbari kwa ajili ya Msikiti wa al-Aqsa, wakati al-Aqsa ilikuwa bado mikononi mwa wapiganaji wa msalaba. Alifariki kabla ya kuiona ikifika. Salahuddin al-Ayyubi aliukomboa mji mwaka 1187 na kuipeleka. Ilikuwa kazi ya maelfu ya vipande vya mbao vilivyoshikamana kwa ufundi wa kuungana, na mafundi waliandika majina yao juu yake. Ilikaa pale zaidi ya miaka 780. Agosti 21, 1969, mtu aliyeingia al-Aqsa kwa nia ya kuiteketeza alitia moto, na mimbari ikaungua.

Vilivyosalia vilikuwa vipande vilivyoungua kingo. Havikutupwa, vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Kiislamu yaliyo ndani ya eneo la al-Haram al-Sharif. Ufalme wa Jordan ulipoazimia kuitengeneza upya, wachoraji na maseremala walilazimika kuanza na ushahidi wa vipande vile na picha za zamani. Walivunja hesabu ya nakshi, wakajifunza upya namna kipande kinavyoingia katika kipande kingine, elimu ambayo mikono mingi ilikuwa imeisahau. Mimbari mpya ilisimamishwa mahali pake mwaka 2007. Bila picha na bila vile vijiti vyeusi vya mbao, wangetengeneza mimbari nzuri, lakini isingekuwa ile.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi na walimu wa madrasa watulie nami kidogo. Thamani ya kipande haimo katika mbao. Imo katika kujua kilikaa wapi, kilishikana na nini, kilitengenezwa na nani na kilitolewa lini. Mlango wa nakshi uliong'olewa Mji Mkongwe na kuuzwa bila maelezo waweza kukutwa umesimamishwa kwenye ukumbi wa hoteli, umepakwa vanishi, wageni wakipiga picha mbele yake. Ni mzuri, na ni bubu. Haujui nyumba yake, haujui nani aliolewa akipitia hapo, haujui jeneza gani lilitokea hapo. Mlango wa kawaida kabisa wa Iyula, wenye daftari la maelezo pembeni yake, unasema mengi kuliko huo.

Pwani yetu imejaa hasara za namna hii. Makaburi ya nguzo ya Kaole, Kunduchi na Tongoni yalipambwa kwa sahani na bakuli za kauri zilizofika kwa majahazi kutoka China na nchi nyingine za mbali. Nenda leo uyatazame: nyingi zimebanduliwa, yamebaki mashimo ya mviringo kwenye chokaa. Vichache viliokolewa vikaingia makumbusho. Vingine viko mikononi mwa watu wasiojua vilitoka kwenye kaburi la nani. Shimo tupu ni aina ya maandishi pia, ila ni maandishi ya msiba.

Lakini pwani hiyo hiyo inatupa mfano ninaoupenda kuliko yote, nao hauna kabati la kioo. Ni msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Ukiutazama kwa nje utapita bila kugeuka: kuta nyeupe, paa la bati kama la kwetu. Ndani, kwenye mihrabu, mna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni za ujenzi wa karne ya 18. Maana yake ni kwamba kuna watu waliojenga upya, waliokuwa na kila sababu ya kuanza na kila kitu kipya, wakaamua mihrabu ya wazee wao ibaki kazini. Hawakuwa na wizara wala mtaalamu wa mambo ya kale. Walikuwa kamati ya msikiti, kama sisi.

Swali la haki lingekuwa: kwa nini basi tusiifanye mihrabu yetu kama ya Kizimkazi? Jibu ni udongo. Jiwe la matumbawe lililochongwa huhama na kupona. Mihrabu ya udongo, ukiigusa, inamwagika. Tumekubaliana ipimwe kwa kamba, upana, kina na urefu wa upinde, na fundi wa msikiti mpya aijenge mihrabu yake kwa vipimo hivyo hivyo. Udongo utarudi ardhini na umbo litabaki. Na tofali moja la ukuta wa kibla litatunzwa, lile lenye alama za vidole vya aliyelifyatua.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863, na inataja pia milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kwa mitindo ya Mashariki kabla ya mwaka 1940. Msikiti wetu hauingii humo. Ni mdogo wa umri na hauna nakshi. Hakuna afisa atakayekuja kulizuia nyundo, wala Makumbusho ya Taifa hayawezi kubeba kila mlango wa kila kijiji, na wala hatuwaombi. Wilaya yetu ya Mbozi inajua jinsi kitu kinavyoweza kulindwa pale pale kilipo: Kimondo cha Ndolezi, chuma cha takriban tani 12 kilichotoka mbinguni, hakikusafirishwa kwenda mji wowote mkubwa. Kipande kidogo kilikatwa kwa uchunguzi, kimondo chenyewe kikabaki, na mgeni ndiye anayekifuata. (Watoto wetu wanaopelekwa huko na shule hurudi na maswali kuliko majibu, nami naona hiyo ndiyo kazi ya makumbusho.) Mabaki ya msikiti wa Iyula yakae Iyula.

Kwa kamati nyingine zinazojiandaa kubomoa, na najua ni nyingi kutoka Vwawa hadi Momba, nieleze tunavyofanya, kwa sababu kosa la saa moja la fundi halirekebishiki.

Picha hupigwa kwanza, kabla ya kitu chochote kuguswa: kila ukuta kwa ndani na kwa nje, kisha mlango, madirisha, mihrabu, mimbari, paa kwa chini. Katika kila picha asimame mtu au iwekwe futi kamba, ili anayetazama baadaye ajue ukubwa. Simu ya kawaida inatosha, lakini picha zisibaki kwenye simu moja. Simu huibiwa na huingia maji. Kisha daftari. Kila kitu kitakachotolewa kipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kikaratasi kigumu kilichofungwa kwa uzi. Usipige msumari, usiandike kwa rangi juu ya mbao yenyewe.

Mlango hautolewi kwa mtarimbo. Mtarimbo hupasua miimo, na mlango bila miimo yake ni ubao. Fundi akate udongo wa ukuta taratibu kwa tindo kuzunguka fremu, mpaka mlango utoke mzima pamoja na miimo, kizingiti, bawaba na komeo lake, hata kama komeo limekufa. Ukishatoka, usioshwe kwa maji, usipigwe msasa, na kwa jina la Allah usipakwe vanishi. Uchafu ule wa rangi ya mafuta kwenye usawa wa mkono ni alama ya watu walioingia kusali kwa miaka mingi. Ukiufuta umefuta walio wengi na kubakiza seremala. Ulazwe juu ya matofali usiguse sakafu, mahali pakavu penye kivuli na penye hewa. Usifungwe kwenye nailoni, kwani unyevu hujifungia ndani na mbao huoza. Kila mwezi mtu aupindue kutazama mchwa. Huku kwetu mchwa haungoji mwaka.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi walikicheka mwanzoni. Msikiti wetu ulipakwa rangi karibu kila Shaaban, na mahali lipu ilipobanduka zinaonekana tabaka zake: chokaa nyeupe, juu yake bluu, juu yake kijani, tena nyeupe. Tulimwomba fundi akate kipande cha lipu cha ukubwa wa sahani, kikiwa na tabaka zote, na kukilaza ndani ya sanduku lenye maranda ya mbao. Mtu akihesabu tabaka hizo anahesabu Ramadhani.

Haya yote hayana thamani bila wazee, na hapa ndipo familia zinapoingia. Kamati zetu ni za wanaume, na wanaume tunakumbuka nani alitoa bati. Bibi zetu wanakumbuka mengine: nani aliuguza mafundi, mtoto yupi alizaliwa wiki ya kupaua, kwa nini dirisha la upande wa akina mama ni dogo kuliko mengine. Tumewapa vijana wa madrasa kazi ya kuwafuata nyumbani, wakae mkekani, waulize na kuandika, na kila kisa kipewe namba ya kitu kinachohusika. Msichana mmoja wa miaka 12 alirudi na jambo ambalo hakuna mjumbe wa kamati aliyelijua: kizingiti cha mlango wetu ni mti uliotolewa na jirani asiye Mwislamu, aliyesema hawezi kuona nyumba ya Mungu ikikosa kizingiti. Kizingiti hicho, ambacho kwenye mnada kingeuzwa kwa bei ya kuni, sasa ni namba 2 katika daftari, na wajukuu wa jirani huyo wameombwa waje siku kitakapotolewa.

Sihimizi kuhifadhi kila kitu. Stoo iliyojaa mbao zisizo na maelezo ni mzigo kwa kizazi kijacho na ni maskani ya nyoka. Vitu saba au nane vinatosha kwa msikiti kama wetu: mlango, kizingiti, dirisha moja, tofali, kipande cha lipu, ubao wa saa za swala uliochorwa kwa mkono, fimbo ya khatibu, na mimbari ikiruhusiwa. Chumba cha mwisho cha madrasa, kisichokuwa upande wa kibla, kimetengwa kwa ajili hiyo. Kitafunguliwa kwa watoto siku za masomo na kwa wageni siku za Idd.

Kuhusu mimbari, bado tunasubiri jibu la masheikh: je, irekebishwe na kupelekwa kwenye msikiti mdogo wa jirani usiokuwa na mimbari, kama kauli ya madhehebu yetu inavyoelekeza kwa kitu kinachoweza bado kufaa, au imekwishatoka katika matumizi na yaweza kutunzwa? Mimi nimesema natamani ibaki, na nimesema pia kwamba matamanio ya katibu si hoja ya kisharia. Ikienda kwa jirani, itakwenda na nakala ya kurasa zake, ili khatibu atakayepanda ngazi ile ya pili ajue imelika kwa nyayo za nani.

Mzee wetu amekubali kusimulia. Ameshakaa na vijana mara mbili, na jina la fundi amelitaja, pamoja na kijiji chake. Tunalithibitisha kwa wazee wa huko kabla ya kuliandika kwa wino.

Mafundi wanarudi kushusha paa baada ya mavuno ya kahawa. Waliosali katika msikiti huu na sasa wanaishi Mlowo, Tunduma, Mbeya au Dar es Salaam, wenye picha ya harusi, ya maulidi au ya Idd ambamo ukuta wake unaonekana hata kwa nyuma, wanaombwa wazilete au wazitume kupitia jamaa zao wa Iyula kabla ya siku hiyo. Tunatafuta hasa picha inayoonyesha paa la kwanza, kabla ya bati. Daftari lina ukurasa wake, na ukurasa huo bado ni mweupe.